Kunasa na Kutunza: Kumbukumbu ya Watu Wazima Wenye Tatizo la Ukuzi wa Lugha

Mwaka uliopita, katika kozi ya saikolojia ya lugha, mwalimu wetu alitupa zoezi dogo. Alitamka maneno yasiyo na maana yoyote, kama vile *balukope* na *mitenasulo*, akatutaka tuyarudie mara moja tu. Oditwari nzima ilicheka, lakini ilirudia. Silabi nne, sawa. Silabi tano, sawa. Zilipofika saba na nane tukaanza kugongana. Ndipo akatuambia kwamba kuna watu wazima wenye akili zao timamu, wanaosikia vizuri, wanaofanya kazi na kulea watoto, ambao hukwama mapema zaidi yetu sana katika zoezi hili. Nilipotoka nje sikuwa na kicheko tena. Nilikuwa nimemkumbuka yaya yangu. (Kwa wasomaji wasio wa Lubumbashi: kwetu yaya si mlezi wa watoto wa watu, ni ndugu mkubwa.)

Yaya ana miaka 31 na ni fundi magari. Akisikiliza injini kwa dakika moja anaweza kukuambia ni wapi panapougua. Lakini mama anasimulia kwamba alichelewa sana kusema, na hata alipofika miaka mitano majirani walikuwa bado wanamwuliza mama, "Anasema nini huyu?" Shuleni alirudia darasa mara mbili, na aliacha sekondari kabla ya kuufikia mtihani wa Serikali. Mtaani alipewa jina la kichwa ngumu, na nyumbani, nakiri, tulilitumia pia. Sasa kampuni moja ya migodi inayopeleka magari yake kwenye garaji yao imedai kwamba kila fundi afanye mtihani wa usalama kwa maandishi. Kijitabu chenyewe ni cha Kifaransa. Yaya ameanguka mara mbili. Si kwamba haijui hatari: yeye ndiye wa kwanza kukata umeme wa betri kabla mtu hajaingiza mkono. Nilipomwuliza kinachomshinda, alinijibu hivi: "Ile kintu naijua. Jina njo inanikimbiaka."

Makala haya ni jaribio la kueleza namna jambo hilo linavyowezekana, kitu kujulikana na jina lake kukimbia. Yaya ameniruhusu niandike juu yake mradi nisimtaje. Niseme pia mapema kwamba hakuna mtaalamu yeyote aliyempima, na mimi, mwanafunzi wa isimu wa miaka 24, sina haki ya kumbandika jina la ugonjwa. Namtumia kama mfano wa maswali tu, majibu nitayatoa kwingine.

Jina la tatizo

Wanaosoma vitabu vya Kifaransa wamekutana na neno disfazia. Wanaosoma vya Kiingereza wamekutana na majina mengi zaidi, kila mwandishi na lake, hata ikawa vigumu kulinganisha utafiti mmoja na mwingine. Mwaka 2016 na 2017 kundi la wataalamu kutoka nchi kadhaa zinazotumia Kiingereza, lililojulikana kama CATALISE na kuongozwa na Dorothy Bishop wa Oxford, lilichapisha makubaliano juu ya jina moja na vigezo vyake. Kwa Kifaransa jina hilo limekuwa TDL. Mimi hapa nitasema *tatizo la ukuzi wa lugha*, kwa ufupi TUL. Nimekataa kusema "uzito wa ulimi", kwa sababu ulimi wa watu hawa hauna kosa lolote, na nimekataa "upungufu wa akili" kwa sababu hiyo hiyo.

Vigezo vyenyewe si vigumu kuvieleza. Matatizo ya lugha yawe yameanza utotoni, yawe hayaelekei kuondoka yenyewe, na yawe yanamzuia mtu katika shughuli zake za kila siku au masomo. Tena yasiwe yameambatana na hali nyingine inayojulikana, kama uziwi, jeraha la ubongo au usonji, kwani hapo jina hubadilika. Kilichobadilika kweli ni kwamba zamani mtoto alitakiwa awe na akili isiyo ya lugha iliyo juu sana kuliko lugha yake ndipo ahesabiwe. Kigezo hicho kimeachwa. Kilikuwa kimewanyima msaada watoto wengi ambao hawakuwa na tofauti kubwa ya kutosha katika karatasi za wapimaji.

Idadi yao ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Utafiti wa Bruce Tomblin na wenzake huko Iowa, Marekani, uliochapishwa mwaka 1997, ulipata kiasi cha asilimia 7 ya watoto wa chekechea. Utafiti wa Courtenay Norbury na wenzake huko Surrey, Uingereza, mwaka 2016, haukuwa mbali na hapo. Hao ni watoto wa Kiingereza, na asilimia haisafirishwi kama gunia la unga. Hata hivyo hakuna sababu ya kudhani kwamba watoto wa Katuba na Ruashi wameumbwa tofauti.

Na watoto hukua. Huko Manchester, Gina Conti-Ramsden na wenzake waliwafuata watoto waliokuwa wakisoma katika vitengo maalumu vya lugha tangu wakiwa na miaka 7 hadi walipofika 24. Wengi walibaki na matatizo. Walikuwa na vyeti vichache kuliko wenzao wa rika, na kazi walizopata mara nyingi zilikuwa za ngazi ya chini, ingawa kazi walikuwa nazo. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea: tunadhani lugha ni kama meno ya utotoni, kwamba kila mtu atabadilisha tu. Mtu mzima mwenye TUL haonekani. Amejifunza kunyamaza kwenye mikutano, kucheka wenzake wanapocheka, kusema "kile kitu" na kuonyesha kwa kidole.

Kiswahili chetu si ugonjwa

Lazima niingize onyo hapa kabla ya kuendelea, maana nawajua wasomaji wangu. Mtu akisikia kwamba dalili mojawapo ya TUL ni kuvuruga upatanisho wa sarufi, atatoka mbio kwenda kumpima dada anayeuza samaki katika kata ya Kenya. Atamsikia akisema *batoto bangu banakuya* na *jina inanikimbiaka*, atafungua kitabu cha ngeli, naye atamtangaza mgonjwa.

Hapana. Kiswahili cha Katanga kina sarufi yake. Kiambishi *ba-* mahali pa *wa-*, kiambishi tamati *-aka* cha mazoea, upatanisho uliopunguzwa kwa vitu visivyo na uhai: hizo ni kanuni, na kanuni hazivunjwi na anayezifuata. Mwenye TUL hugunduliwa kwa kulinganishwa na watu waliokua ndani ya lugha ile ile kama yeye, katika mtaa ule ule. Yaya yangu anaposema *jina inanikimbiaka* anasema kama mimi. Anapoishia katikati ya sentensi, akarudi nyuma, akaacha, akaanza kwa njia nyingine, hapo hasemi kama mimi.

Vivyo hivyo kwa lugha nyingi. Hapa kwetu mtoto hukuta Kiluba au Kibemba kwa nyanya yake, Kiswahili uani, Kifaransa darasani. Kuwa na lugha tatu hakuleti TUL. Lakini TUL ikiwepo, hujitokeza katika lugha zote za mtu, kwa sura tofauti. Anayebabaika katika Kifaransa peke yake amekosa Kifaransa tu, na dawa yake ni Kifaransa. Mama ananihakikishia kwamba yaya alibabaika hata katika Kiluba cha bibi.

Kumbukumbu si chumba kimoja

Sasa nije kwenye kumbukumbu. Mwaka 1953, huko Marekani, mgonjwa wa kifafa aliyejulikana kwa miaka mingi kwa herufi H.M. (jina lake, Henry Molaison, lilitangazwa baada ya kifo chake mwaka 2008) alipasuliwa na kuondolewa sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili, pamoja na sehemu kubwa ya hipokampasi. Tangu siku hiyo hakuweza kukumbuka mambo mapya. Alikutana na daktari asubuhi, akamsalimia mchana kama mgeni. Lakini Brenda Milner alimpa zoezi la kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu, jambo gumu kwa yeyote. Siku baada ya siku H.M. alichora vizuri zaidi, na kila siku aliapa kwamba hajawahi kuliona zoezi hilo.

Kwa hiyo kuna kumbukumbu angalau za namna mbili. Moja ni ya mambo tunayoweza kuyataja: nani alikuja jana, mji mkuu wa Zambia ni upi, neno fulani lina maana gani. Nitaiita *kumbukumbu ya maelezo*. Nyingine ni ya mambo tunayoyafanya bila kuyataja: kuendesha baiskeli, kupiga ngoma, kupanga viambishi vya kitenzi kwa utaratibu wake bila kufikiri. Hiyo nitaiita *kumbukumbu ya mazoea*. Hakuna mtoto aliyefundishwa kwamba katika *nitakupigia* kiambishi cha nafsi hutangulia kile cha wakati. Amelizoea.

Mwaka 2005 Michael Ullman na Elizabeth Pierpont walitoa dhana iliyoleta mjadala mkubwa: kwamba katika tatizo hili kinachoyumba hasa ni mfumo wa kumbukumbu ya mazoea, ndiyo maana sarufi huumia zaidi, na kwamba kumbukumbu ya maelezo, ikiwa nzima kiasi, hubeba mzigo wa mwenzake. Mtu hukariri kama neno moja kile ambacho wengine hukijenga kwa kanuni. Ushahidi mwingi ulitokana na zoezi la vidole. Mtu hutazama alama ikitokea katika moja ya sehemu nne, naye hubonyeza kitufe kinacholingana nayo. Haambiwi kwamba alama zinafuata mpangilio unaojirudia. Vidole vya watu wengi huujua mpangilio huo kabla ya vichwa vyao, na kasi huongezeka. Katika tafiti zilizokusanywa pamoja mwaka 2014, wenye tatizo la lugha waliongeza kasi kidogo kuliko wenzao.

Dhana hii ni nzuri mno, na mimi huogopa vitu vizuri mno. Mwaka 2018 Gillian West na wenzake walionyesha kwamba mazoezi haya hayaaminiki sana: mtu yule yule akipimwa mara mbili hapati matokeo yanayofanana. Mizani inayobadilika hivyo haiwezi kukuambia nani mzito. Tena ninamtazama yaya akifungua gia boksi, hatua arobaini kwa mpangilio, bila kutazama chini. Mfano mmoja hauangushi dhana, na yeye amefanya hivyo kwa miaka zaidi ya kumi. Lakini unanizuia kuimeza nzima.

Je, wanasahau?

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya, nami nitakaa kidogo.

Tunaposema mtu "hashiki", au "anasahau upesi", tunachanganya mambo matatu: kunasa jambo linapoingia, kulitunza, na kulitoa linapohitajika. Mwanafunzi akifika kwenye mtihani bila jibu, mtahini haoni ni hatua ipi iliyofeli. Karla McGregor na wenzake, huko Iowa, waliamua kuzitenganisha. Utafiti wao wa mwaka 2013 ulihusisha vijana 69 wa miaka 18 hadi 25, wengine wenye TUL, wengine wasio nayo. Walifundishwa maneno mapya 16, umbo la sauti pamoja na maana. Walipimwa papo hapo baada ya mafunzo, kisha baada ya saa 12, saa 24, na wiki moja. Nusu yao walijifunza asubuhi, nusu jioni.

Papo hapo, kabla hata ya muda wa kusahau kupita, wenye TUL walikuwa nyuma tayari, kwa umbo na kwa maana. Yaani sehemu kubwa ya kile tunachokiita kusahau haikuwa kusahau. Neno halikuwahi kuingia.

Fikiria bidoni yenye mdomo mwembamba chini ya bomba lililofunguliwa lote. Maji mengi humwagika nje. Baadaye ukiikuta na maji kidogo utasema inavuja, utaitafuta tundu usiione. Dawa yake ni kupunguza kasi ya bomba, au kuirudisha bombani mara nyingi.

Je, na yale yaliyoingia? Jibu lilikuwa la pande mbili, na ndilo lililonifanya niinuke kitini nilipolisoma. Kwa upande wa maana, makundi mawili hayakutofautiana katika kutunza: kile ambacho wenye TUL walikinasa walikaa nacho wiki nzima sawasawa na wenzao. Kwa upande wa umbo la sauti, pengo lilizidi kupanuka kadiri siku zilivyopita. Maana ilikaa, jina lilimomonyoka. Nikamsikia yaya: ile kintu naijua.

Mwaka 2017 kikundi hicho hicho kilifanya kazi na wanafunzi waliokwisha kumaliza sekondari na kuendelea na masomo ya juu, wenye TUL na wasio nayo. Nalitaja hili kwa makusudi: wenye TUL wamo katika vyuo vikuu. Tena matokeo yalielekeza kidole zaidi kwenye kunasa kuliko kwenye kutunza. Katika orodha ya maneno waliyoyafahamu tayari, wenye TUL waliongeza maneno polepole kutoka zamu hadi zamu, na hawakuyapanga sana kwa makundi ya maana (matunda pamoja, vyombo pamoja), mbinu ambayo wengi wetu huitumia bila kujua.

Usingizi nao una sehemu yake. Tukilala, ubongo huyarudia yaliyopita mchana na kuyakomaza. Katika utafiti wa 2013, waliojifunza jioni wakalala muda mfupi baadaye walifaidika katika kukumbuka maana, na hilo lilikuwa kweli kwa makundi yote mawili. Lakini Sayako Earle na wenzake, mwaka 2018, waligeukia sauti tupu. Waliwafundisha watu wazima wa Kiingereza kutofautisha *d* mbili za Kihindi, moja ulimi ukigusa meno, nyingine ulimi ukijikunja kuelekea nyuma. (Wanaoijua Kimvita ya Mombasa, yenye *t* ya meno na *t* ya ufizi, wataelewa upesi kwa nini sikio la mgeni hutaabika.) Walifundishwa jioni, wakapimwa tena baada ya kulala. Wasio na tatizo waliamka wakiwa bora zaidi. Wenye tatizo hawakupata faida hiyo ya usiku.

Tukiziweka tafiti hizi pamoja, picha inaanza kuonekana, ingawa haijakamilika. Mlango wa kuingilia ni mwembamba kwa kila kitu cha lugha. Maana, ikishaingia, hutunzwa vizuri. Sauti, hata ikiingia, huwa haijashikamana. Ndiyo maana zoezi la *balukope*, ambalo ni sauti tupu isiyo na maana ya kuishikilia, limekuwa mojawapo ya vipimo vinavyotumika zaidi.

Nilirudi kwenye daftari la yaya. Mwalimu wa mafunzo aliandika *konsinyasio*, yaani kuifunga mashine kwa kufuli isiweze kuwashwa mtu akiwa ndani. Yaya alikuwa ameandika *sinyakonsio*. Mbele ya *balizaji* alikuwa ameandika *zabaliji*. Silabi zote zimo, zimekaa vibaya. Lakini pembeni ya kila neno alikuwa amechora: kufuli lenye jina la fundi, utepe mwekundu na mweupe kuzunguka shimo. Michoro haikuwa na kosa hata moja. Waliosahihisha mtihani hawakuulizwa kuitazama michoro.

Kusoma mara kumi au kujiuliza mara tatu

Kila mmoja wetu husoma kwa njia moja: silabusi, kalamu ya rangi, kusoma tena, kusoma tena, usiku wa mwisho kwa taa ya simu umeme ukikatika. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliipima njia hiyo kwa wanafunzi wa chuo kikuu wasio na tatizo lolote. Kundi moja lilisoma maandishi na kuyasoma tena. Lingine liliyasoma, kisha likafunga karatasi na kujaribu kuyaandika kutoka kichwani. Baada ya dakika tano, waliosoma tena walishinda. Baada ya wiki moja, waliojiuliza ndio walioshinda. Kusoma tena hutupa hisia ya kujua, hisia ambayo hutuaga mlangoni mwa chumba cha mtihani.

Karpicke baadaye alishirikiana na Laurence Leonard, Patricia Deevy na wengine huko Purdue, kuijaribu mbinu hiyo kwa watoto wadogo wenye TUL. Matokeo waliyoyatoa mwaka 2019 na kuendelea yanaonyesha kwamba watoto hao hukumbuka zaidi maneno mapya wanapoulizwa wayatoe wenyewe, kwa vipindi vinavyoachana, kuliko wanapoonyeshwa tu mara nyingi. Hao ni watoto, nami nazungumza juu ya mtu wa miaka 31. Lakini nilikuwa na kaka mkubwa mwenye mtihani na sikuwa na kitu kingine mkononi.

Tulianza na maneno 12. Kwanza tuliyapunguza kasi: hatukuingia neno la pili kabla la kwanza halijatoka kinywani mwake mara tatu bila msaada. Tuliyavunja vipande na kuyapiga kwa kidole mezani, *kon-si-nya-sio*. Yale ya moto tuliyaweka pamoja, ya umeme pamoja, ya mashimo pamoja. Kisha tulifunga kijitabu. Nilimwonyesha mchoro wake mwenyewe naye akatafuta jina. Akikosa, nilimpa silabi ya kwanza tu. Baada ya chakula, tena. Kesho yake jioni kabla ya kulala, tena. Kisha baada ya siku tatu.

Alichukia siku ya pili. "Unaniuliza kama mtoto," alisema, akaenda garaji. Nilijifunza kwamba kwa mtu aliyechekwa darasani miaka minane, kuulizwa swali si zoezi, ni kumbukumbu nyingine kabisa, nayo hiyo haina shida ya kutunzwa. Tukabadilisha zamu: sasa yeye ndiye huniuliza mimi, na nikikosa ananisahihisha. Anakosa chache kuliko mwanzo. *Konsinyasio* imekaa. *Balizaji* bado inageuka wiki ikipita bila kuulizwa.

Kwa upande wetu wa fakultee, mambo haya yana gharama ndogo kuliko tunavyodhani. Kozi nyingi hapa husomwa kwa kuamriwa, mwalimu akisema, sisi tukiandika, na swali la kwanza tunaulizwa siku ya mtihani. Kwa mwenye mlango mwembamba hilo ni bomba lililofunguliwa lote. Mwalimu mmoja wa fonolojia ana desturi ya kuanza kila somo kwa maswali matano ya somo lililopita, kwa karatasi isiyopewa alama. Tulimlalamikia mwezi wa kwanza. Sikumbuki kozi nyingine yoyote ya mwaka ule kama ninavyoikumbuka ile. Istilahi nazo zingeweza kufunguliwa ubaoni kama tunavyofungua kitenzi: *u-patan-ish-o*, mzizi mmoja unaojulikana na viambishi vyake, badala ya kurushwa kama sauti tupu. Kiswahili kinaturahisishia hapa kuliko Kifaransa, nasi hatuutumii urahisi huo.

Kilicho kigumu zaidi ni vipimo. Kumtambua mtu mzima mwenye TUL kunahitaji orodha ya maneno bandia yanayofuata kanuni za silabi za Kiswahili chetu, na sentensi za kurudia zilizojengwa juu ya sarufi ya watu wa hapa, zikiwa zimejaribiwa kwanza kwa watu wengi wasio na tatizo. Vipimo vilivyotengenezwa kwa Kifaransa cha Ulaya vitamtangaza mgonjwa nusu ya mji. Hiyo ni kazi ya wanaisimu kabla ya kuwa ya madaktari, na iko ndani ya uwezo wa memwari mbili tatu za mwaka wa mwisho. Mimi nimeanza na orodha ya maneno bandia, nayo iko kwenye silabi ya tano. Mwenye nafasi ya kuyatamka mbele ya simu yangu ya kurekodia anitafute kwenye maktaba siku za Alhamisi.

Mtihani wa tatu wa yaya ni mwisho wa mwezi ujao. Amemwomba msimamizi ruhusa ya kuchora pembeni ya majibu, na hajajibiwa bado. Jana usiku aliniuliza maneno tisa, nikakosa mawili.